Kubadilisha briji ya gitaa la jazi: chuma, rozwudi au mpingo?

Kijana mmoja wa Arusha kaniandikia hivi, nimefupisha kidogo tu: "Shikamoo fundi. Nina gitaa la holobodi (la mwili mtupu ndani), sio la bei kubwa, uso wa plaiwudi, hambaka mbili (pikapu, zile zinazodaka mtikisiko wa nyuzi kwenda kwenye ampu), briji, yaani kile kinachobeba nyuzi juu ya uso, ni ile ya chuma yenye skrubu sita imekaa juu ya kitako cha mbao. Napenda sauti ya kina Wes Montgomery na Charlie Christian, wale wapiga gitaa wa jazi, lakini langu linalia kama kijiko kwenye sufuria, hasa uzi wa kwanza na wa pili, zile nyembamba. Mtu mmoja kaniambia nitoe chuma niweke briji ya mbao, mwingine anasema nichongeshe ya mpingo kabisa kwa vile huku kwetu upo. Je itasaidia kweli, na naweza kufanya mwenyewe nyumbani? Nafunga nyuzi za 10 (uzi wa kwanza una unene wa inchi 0.010)."

Marahaba mdogo wangu. Jibu la haraka ni kwamba ndiyo, mbao itabadilisha sauti ya hilo gitaa na utaisikia tofauti siku hiyohiyo, ila sio kitu cha kwanza ambacho mimi ningekigusa, na sababu zenyewe sio zile watu wanazokuambia. Nitakueleza kwa kirefu manake nimeona magitaa mazuri yamekwaruzwa uso, mengine yametobolewa kabisa, kwa ajili ya briji tu, na mwisho wa siku mwenyewe bado analalamika kijiko na sufuria.

Tuanze na huyo Wes. Watu wakisikia ile sauti yake nene wanaamini lazima pale kwenye briji kulikuwa na mbao tupu. Sasa tafuta picha zake akiwa na ile Gibson L-5, angalia vizuri pale katikati, utaona briji ya chuma, Tune-o-matic, juu ya kitako cha mbao. Yaani mpangilio uleule ulio nao wewe hapo Arusha. Unene wa sauti yake unaanzia kwenye dole gumba, alikuwa hatumii piki, alafu nyuzi nene za flati (zilizozungushiwa utepe bapa, sio waya wa duara), alafu pikapu ya upande wa shingo na ampu iliyotulia. Briji ya chuma haikumzuia hata kidogo.

Charlie Christian ni habari nyingine. Yeye alipiga Gibson ES-150 iliyotoka 1936 na alifariki 1942, na Tune-o-matic ilianza kufungwa kwenye magitaa 1954, kwahiyo kila noti yake unayoisikia imepita kwenye mbao. Hata ES-175, gitaa ambalo hilo la kwako limeigwa umbo lake, lilipotoka 1949 lilikuja na briji ya rozwudi (mbao ngumu ya kahawia), chuma kilikuja kuwa cha kawaida kwenye modeli hiyo miaka mingi baadaye. Kwahiyo una mashujaa wawili, mmoja chuma mmoja mbao, na wote unawapenda. Hapo tu ujue briji ni sehemu ya mambo, sio mambo yote.

Sasa briji inafanya nini hasa. Uzi ukipigwa unatikisika, na ule mtikisiko ukifika kwenye briji sehemu yake inashuka kwenye uso wa gitaa, uso unacheza na kusukuma hewa ndio ile sauti unayoisikia bila ampu, na sehemu nyingine inarudishwa kwenye uzi uendelee kucheza. Briji nzito inarudisha zaidi. Uzi unacheza muda mrefu, vile visauti vyembamba vya juu vinabaki vizima kwenye uzi, pikapu inavidaka vyote na wewe unasikia kijiko. Briji nyepesi ya mbao inauachia uso ucheze zaidi, noti inaanza kwa kishindo kidogo, tup, alafu inashuka mapema, na mbao yenyewe inameza sehemu ya ule ukali. Ndio maana gitaa lenye chuma usipolichomeka linalia dogo lakini ukilichomeka linakuwa kali na refu, na lenye mbao nyepesi ni kinyume chake, bila ampu linajaza chumba na kwenye ampu linakuwa na ile sauti ya kugonga mti ambayo masikio ya watu wa jazi yamezoea.

Ukitaka kuliona hilo kwa mkono chukua ngoma yoyote, ipige, alafu egemeza kiganja pembeni ya ngozi uipige tena. Uzito ukikaa juu ya kitu kinachotakiwa kucheza, kinacheza kidogo. Wapiga fidla wana kidude wanakibana juu ya briji wakitaka sauti ishuke na iwe ya giza, na hakina ufundi wowote ndani yake, ni uzito tu umeongezwa. Kwahiyo unapochagua briji usianze na jina la mbao, anza na mzani. Itoe hiyo ya chuma, iweke kwenye mzani mdogo wa jikoni ule wa gramu, andika. Alafu briji yoyote ya mbao utakayoletewa ipime pia. Hiyo namba itakuambia mengi kuliko muuzaji.

Kuna kitu kingine nakijali kuliko mbao, kuliko chuma, kuliko yote niliyosema hapo juu, nacho ni kitako kukaa sawasawa kwenye uso wa gitaa. Briji ya holobodi haijagundishwa, unalijua hilo, inashikiliwa na nyuzi tu. Seti ya nyuzi za 12 ikikazwa inavuta jumla ya zaidi ya kilo 60, na sehemu ya huo mvuto ndio inabonyeza briji chini. Uso wa gitaa umebinuka, umebinuka kwa urefu na kwa upana, na chini ya kitako panatakiwa pafuate huo mbinuko bila kuacha upenyo popote. Ikiwa kitako kinagusa kwenye kingo tu, au kinagusa katikati kingo zinaelea, basi ile njia ya sauti imebanwa na hata uweke mbao ya dhahabu hakuna kitakachopita vizuri.

Niliwahi kuletewa gitaa na jamaa ambaye ameshabadilisha briji mara mbili, ya pili alikuwa kaagiza nje, eboni nzuri kabisa, na bado analia sauti ni nyembamba. Nikachukua kipande cha karatasi nyembamba, ile ya risiti, nikakipitisha chini ya kitako, kikaingia upande mmoja kikatokea karibu upande wa pili. Nilichofanya ni kukaa na msasa jioni nzima mpaka kitako kikalala, nikamrudishia briji yake ileile na nyuzi zilezile. Alipolipiga aliniuliza nimeweka pikapu gani. Tangu siku hiyo sibadilishi briji ya mtu kabla sijapitisha karatasi kwanza, na wewe naomba uanze hapo. Nyuzi zikiwa zimekazwa, pitisha karatasi ya risiti pande zote nne za kitako. Ikigoma pande zote, kitako chako ni kizima na usikiguse. Ikiingia zaidi ya milimita moja au mbili, umeshapata mchawi wako wa kwanza.

Mchawi wa pili ni hizo nyuzi za 10. Ndugu yangu, gitaa la mwili mtupu na nyuzi za 10 ni kama kumpa mbebaji wa gunia abebe mfuko wa sukari, halitoi nguvu yake. Uso unataka kusukumwa. Funga 11 au 12 za flati, zile laini ambazo vidole havikwaruzi, na hakikisha uzi wa tatu ni wa kuzungushiwa sio waya mtupu. Seti za aina hiyo zipo, D'Addario Chromes kwa mfano, au Thomastik-Infeld Jazz Swing, ni ghali kidogo ila zinakaa miezi mingi bila kuchuja. Nimeona watu wanaofunga hizi nyuzi wakasahau kabisa habari ya briji. Ila ujue ukitoka 10 kwenda 12 shingo itavutwa mbele, trasi rodi, ile fimbo ya chuma ndani ya shingo, itahitaji kukazwa kidogo, robo mzunguko kwa wakati mmoja na usubiri, na mifereji ya kwenye nati kule karibu na kichwa itakuwa miembamba, hasa wa uzi wa tatu. Uzi ukibanwa pale kwenye nati gitaa halitatyuni, linaruka ruka. Mifereji hiyo ipanuliwe na fundi mwenye tupa ndogo za kazi hiyo, ukitumia kisu utaharibu. Pikapu nazo, shusha ya shingo kidogo upande wa nyuzi nyembamba, mara nyingi imekaa juu mno na ukali wote unatokea hapo.

Haya, tuseme umefanya hivyo vyote na bado unataka mbao. Nakuelewa, mimi mwenyewe napenda mbao. Habari njema ni kwamba huhitaji kubadilisha briji nzima. Hiyo yako ina sehemu mbili, kitako chini, na kipande cha juu kinachobeba nyuzi, vimeunganishwa na nguzo mbili zenye vigurudumu vya kupandisha na kushusha. Kipande cha chuma kinachomolewa juu kwa mkono nyuzi zikilegezwa, na kipande cha mbao kinaingia kwenye nguzo zilezile. Kitako ambacho tayari kimelala vizuri unakiacha. Hakuna msasa kwenye uso wa gitaa, hakuna kutoboa, ukichukia unarudisha chuma baada ya dakika kumi. Ndio njia ninayompa kila mtu aanze nayo.

Ila pima kabla hujaagiza. Pima kutoka katikati ya nguzo moja hadi katikati ya nyingine, mara nyingi ni karibu milimita 74 lakini usikisie, tumia venia, kile kipimo cha kubana. Pima unene wa nguzo yenyewe pia, manake hapa ndipo watu wanapokwama, magitaa mengi ya Asia yana nguzo za milimita 4 na vipande vingi vya mtindo wa Kimarekani vimetobolewa kwa nguzo za milimita 3.5, kwahiyo havishuki. Tundu linaweza kupanuliwa, taratibu, kwa drili ya kusimama, kipande kimebanwa, na uweke ubao mwingine chini yake ili kisipasuke wakati drili inatokea. Pima na upana kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita pale kwenye briji. Na urefu, kutoka uso wa gitaa hadi chini ya uzi, kwa sababu kipande cha mbao huwa kinene kwenda juu kuliko cha chuma na kama gitaa lako shingo imelala chini sana vigurudumu vitagonga kitako kabla nyuzi hazijashuka unapotaka.

Alafu kuna zile ngazi za juu. Ukiangalia kipande cha mbao utaona hakijanyooka, kila uzi una kituo chake, mwingine umerudi nyuma mwingine umekuja mbele, ni kwa ajili ya noti kukaa sawa kote shingoni. Kuna ngazi za aina mbili na muuzaji mara nyingi hakuambii. Kama uzi wa tatu ni wa kuzungushiwa, ngazi zinatoka uzi wa sita zikija mbele hadi wa tatu, alafu wa pili unarudi nyuma, wa kwanza unakuja mbele. Kama uzi wa tatu ni waya mtupu, ni huo wa tatu ndio unaorudi nyuma. Ukinunua ya namna moja ukafunga nyuzi za namna nyingine, uzi wa tatu utakuwa mbaya siku zote na utatukana tyuna yako bure. Ndio maana nimesema amua nyuzi kwanza, briji baadaye.

Kuhusu umeme usiwe na hofu. Watu huuliza wakitoa chuma gitaa halitaanza kuunguruma? Kwa kawaida kwenye holobodi waya wa ardhi unaenda kwenye telipisi, ile inayoshika nyuzi kule nyuma, sio kwenye briji, kwa sababu briji yenyewe inaelea juu ya mbao. Ukitaka uhakika gusa telipisi gitaa likiwa limechomekwa, kama mvumo unapungua waya upo hapo.

Sasa mpingo, na hapa nitakaa kidogo manake ni mti wetu na ninaupenda. Kwanza tutenganishe majina. Kamusi zinatafsiri mpingo kuwa eboni, lakini ile eboni inayouzwa kwenye maduka ya magitaa ni mti mwingine kabisa, jamii ya Diospyros, mwingi wake unatoka Kameruni na nchi za jirani zake. Mpingo wetu, Dalbergia melanoxylon, huu wa Lindi na Kilwa na kwingineko, ni jamii ya rozwudi. Yaani ni ndugu wa damu wa ile rozwudi ya India ambayo huenda ndiyo iliyo kwenye kitako chako, ila ndugu aliyeshiba. Rozwudi ukiitupa majini inaelea, mpingo unazama kama jiwe. Ulaya na Marekani wanautengenezea klarineti na obo, na sio kwa sababu ya urembo, ni kwa sababu haubadiliki umbo kirahisi, hauna matundu matundu, na ukichongwa kingo zinabaki kali miaka na miaka.

Kwahiyo kwa uimara hakuna mbao nzuri zaidi kwa kazi ya kubeba nyuzi, mifereji haitaliwa. Tatizo ni kile nilichosema kwenye mzani. Kipande cha mpingo kilichoachwa kinene kinakuwa kizito na kigumu kiasi kwamba sauti inakaribia ile ya chuma. Mimi wa kwanza niliochonga ulikuwa mzuri kuangalia, mweusi tii, nikaufunga kwenye holobodi ya plaiwudi kama yako, na ukali ule niliokuwa naukimbia ulikuwa bado upo, umepungua kidogo tu, na sauti inadumu ndefu. Nilichofanya ni kuuchonga tena, nikapunguza unene pande zote mbili, nikatoboa matundu katikati ya kipande chini ya nyuzi ambako hakuna mzigo mkubwa, na kila nikipunguza narudisha nasikiliza. Ulipopungua karibu theluthi ya uzito wake sauti ikafunguka, noti ikapata ule mgongo wa mbeleni na juu kukabaki na uwazi ambao rozwudi haina. Hiyo briji ninayo mpaka leo na siiuzi.

Kwahiyo kwako, kwa uso wa plaiwudi na lengo la sauti ya kulala, mimi ningeanza na rozwudi. Ni nyepesi, inameza ukali kidogo, na hiyo ndio dawa unayoitafuta. Mpingo mwembamba ningeuweka kwenye gitaa la uso wa mbao nzima ya sprusi iliyochongwa ambalo tayari lina giza lake na linahitaji noti zichomoze. Ukiamua mpingo hata hivyo, usichukue kipande kilichokatwa juzi. Mafundi vinyago wanachonga mbao ikiwa bado na maji kwa sababu ni laini kwao, lakini kwa briji mbao mbichi itapinda na kupasuka kwenye tundu la nguzo. Omba kipande kilichokaa miaka, cha kiini cheusi bila ule weupe wa pembeni, mishipa ya mti ikienda kwa urefu wa briji. Vaa barakoa wakati wa kupiga msasa, vumbi la jamii hii ya miti linawasha ngozi na kifua, usilichukulie poa. Na kama una ndugu nje anataka umtumie gogo dogo achonge yake huko, ujue miti yote ya Dalbergia imewekwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017, ala iliyokamilika ilisamehewa baadaye 2019 lakini mbao ghafi inahitaji kibali.

Kazi yenyewe ya kufunga sio ngumu ukiwa mtulivu. Kabla ya yote weka tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, mbele na nyuma ya kitako, chora mstari kwa penseli. Ukipoteza mahali kitako kilipokuwa utaanza upya kutafuta noti. Legeza nyuzi taratibu zote kwa pamoja, usizitoe kabisa, zilegee tu kiasi cha kuchomoa kipande cha juu, na weka kitambaa chini ya telipisi isije ikaanguka ikachimba rangi. Ingiza kipande cha mbao, ngazi zikielekea upande sahihi, uzi wa sita ndio unaokaa nyuma zaidi kuelekea telipisi. Nyuma mbele wanakosea wengi.

Mifereji ya nyuzi ndio ufundi. Vipande vingi vinakuja na alama ndogo tu au havina kabisa. Mfereji uwe wa duara kufuata uzi, na uzi uzame nusu yake, sio zaidi, ukizama wote unazibwa pumzi. Mteremko uelekee nyuma kwenye telipisi ili uzi uguse ukingo wa mbele, ule unaotazama shingo. Ukigusa nyuma kwanza uzi utavuma kama nyuki kwenye mzinga na noti hazitakaa. Pitisha penseli laini ndani ya mfereji, ule unga mweusi unasaidia uzi kuteleza wakati wa kutyuni.

Kaza nyuzi hadi sauti yake, alafu urefu. Kwenye freti ya 12 (kile kichuma cha 12 cha shingoni kutoka kwenye nati) mimi naanza na milimita 2 chini ya uzi wa kwanza na 2.5 chini ya wa sita kwa nyuzi za 12, alafu nasikiliza. Usiogope kupandisha kidogo, holobodi inapenda uzi ulioinuka, mpiga ridhimu wa bendi ya jazi ya Count Basie, Freddie Green, alikuwa na nyuzi zilizopanda juu sana na gitaa lake lilisikika ndani ya bendi nzima ya matarumbeta bila ampu.

Noti zikae sawa, fanya hivi: piga hamoniki ya freti ya 12 kwa kugusa tu, alafu bonyeza freti hiyohiyo upige, angalia tyuna. Ya kubonyeza ikiwa juu, sogeza briji nyuma kuelekea telipisi. Ikiwa chini, sogeza mbele. Fanya uzi wa kwanza na wa sita tu, upande mmoja mmoja, kitako kitakaa kwa mshazari kidogo na ndivyo inavyotakiwa, zile nne za katikati zitafuata ngazi. Kila ukisogeza legeza nyuzi kwanza, ukiburuza kitako nyuzi zikiwa zimekaza utachora mistari kwenye vanishi ambayo haitoki.

Na kama ile karatasi ya risiti iliingia chini ya kitako, hapo ndipo msasa unahusika na hapo ndipo ningekuomba utafute fundi aliyeshawahi, au ujifunze kwenye gitaa bovu kwanza. Msasa unabandikwa juu ya uso wa gitaa palepale kitako kinapokaa, upande wa kukwaruza ukitazama juu, uso wote wa karibu umefunikwa kadi na tepu, alafu kitako kinasuguliwa juu yake kwa hatua fupi fupi za sentimita mbili tatu kufuata mwelekeo wa nyuzi. Anza namba 120, maliza na 240. Kosa kubwa la mkono ni kuyumba, ukiyumba kitako kinakuwa mviringo kwa chini kama merikebu, kinagusa katikati tu na umeharibu zaidi. Shika chini kabisa karibu na miguu ya kitako, sio juu kwenye nguzo. Kila baada ya muda paka chaki usoni pale, weka kitako, kibonyeze, kiinue uangalie chaki imeshika wapi. Kule ilikoshika ndiko kumezidi. Inachosha, inaweza kula saa tatu, lakini hakuna kazi kwenye gitaa la jazi inayolipa kuliko hiyo.

Ukishamaliza usitegemee miujiza kwenye ampu. Ukali wa uzi wa kwanza na wa pili utapungua, mwanzo wa noti utakuwa wa mbao, noti zitadumu muda mfupi kidogo, na kwa jazi hilo ni jambo jema, chodi zinapishana vizuri. Utakachopoteza ni ule urefu wa noti, kwahiyo kama wikiendi unapiga pia rumba au dansi zile solo za kuvuta, utalikumbuka chuma. Jingine, uso ukiwa huru zaidi gitaa linaanza kuvuma mapema ukisimama karibu na spika. Sogea pembeni ya ampu, na ukumbi ukiwa na kelele ziba yale matundu ya usoni yenye umbo la f kwa sponji wakati wa shoo.

Wiki ya kwanza iangalie kila siku. Ukityuni nyuzi zinavuta kipande cha juu kuelekea shingoni, kinainama bila wewe kujua, na kipande cha mbao kikiinama muda mrefu kinapinda nguzo na kupasua matundu yake. Kiangalie kwa ubavu, mgongo wake wa nyuma usimame wima na kitako. Kikiwa kimeinama legeza nyuzi nusu mzunguko, kishike kwa vidole vya mikono yote miwili, kirudishe, kaza tena, usikigonge na kitu.

Anza na karatasi ya risiti leo, alafu nitumie vipimo vitatu, umbali wa nguzo, unene wa nguzo na uzito wa hicho cha chuma, nikuambie kama kipande cha rozwudi nilichonacho hapa kitaingia au tukitafute kingine.